Yoti hii ni ya nani? Maswali ya wasomaji kuhusu meli za anasa za Warusi walio chini ya vikwazo

Barua nyingi tulizopokea zinahusu yoti: zile meli za anasa zenye uwanja wa helikopta juu na bwawa la kuogelea nyuma, mali ya mabwanyenye wa Urusi waliowekewa vikwazo na Marekani, Umoja wa Ulaya na Uingereza baada ya Ukraine kuvamiwa tarehe 24 Februari 2022. Wengi wanauliza yoti fulani iko wapi. Hilo ndilo swali jepesi. Mwenye simu na intaneti hulipatia jibu kabla chai haijapoa. Swali zito ni la pili: ni ya nani? Hapo ndipo mawakili, mabenki na wapelelezi wanapotoana jasho, na ndipo tulipokaa kwa muda mrefu zaidi katika majibu haya.

Nikiandika jina la yoti kwenye tovuti ya kufuatilia meli, napata vyombo vitano vyenye jina hilohilo. Nitajuaje nifuate kipi?
*Msomaji, Tanga*

Ndugu msomaji, achana na jina. Jina la meli hubadilishwa kwa brashi na kopo la rangi. Yoti Graceful ya mita 82, ambayo Juni 2022 Marekani iliitaja kuwa mali ambayo Rais Putin ana maslahi nayo, iliondoka Hamburg kwenda Kaliningrad tarehe 7 Februari 2022, siku 17 kabla ya uvamizi, na baadaye ikaitwa Kosatka. Aliyekuwa akiifuata kwa jina la zamani alibaki na ukurasa mtupu.

Fuata namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Bahari. Ni tarakimu saba zinazopewa chombo kikijengwa, na hubaki nacho hadi kikatwe vyuma chakavu, hata kikiuzwa mara kumi. Namba hiyo ina njia ya kujikagua yenyewe, na kila mfuatiliaji anapaswa kuijua. Chukua yoti Nord, inayohusishwa na bwanyenye Alexei Mordashov, namba 9853785. Zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano: 63, 48, 25, 12, 21 na 16. Jumla ni 185. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 5, sawa na tarakimu ya saba ya namba. Zisipolingana, namba imenakiliwa vibaya au imebuniwa.

Namba nyingine utakayoiona ni MMSI, yenye tarakimu tisa. Hii ni ya redio ya meli na hubadilika bendera inapobadilika. Tarakimu tatu za mwanzo hutaja nchi ya bendera: 319 ni visiwa vya Cayman, 273 ni Urusi, 634 ni Kenya, 674 na 677 ni Tanzania. Ukiona yoti iliyokuwa na 319 leo ina 273, mwenyewe ameamua kurudi chini ya mwavuli wa Moscow. Nord ilipoingia Hong Kong Oktoba 2022 ilikuwa tayari inapeperusha bendera ya Urusi.

Jihadhari pia na sehemu ya "bandari iendako". Ile huandikwa kwa mkono na ofisa wa zamu, naye anaweza kuandika lolote. Hali ya meli nayo ni hivyohivyo: utakuta chombo kimeandikwa "kimetia nanga" huku kinakata maili 14 kwa saa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Vitu vitatu vinavyotoka kwenye vipimo vyenyewe ni mahali, mwendo na mwelekeo. Hivyo ndivyo vya kuanzia.

Yoti niliyokuwa naifuata imepotea kwenye ramani tangu juzi. Wamezima mtambo makusudi?
*Msomaji, Muscat*

Huenda, lakini usiliandike hilo kabla hujapita hatua chache.

Mtambo wa AIS, unaotangaza kwa redio utambulisho, mahali na mwendo wa chombo, unatakiwa na mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini kwenye kila chombo cha tani 300 za ujazo au zaidi kinachosafiri kutoka nchi moja hadi nyingine. Hutuma kwa masafa ya megahezi 161.975 na 162.025, kwa nguvu ya wati 12.5. Chombo kikiwa gatini hutuma kila dakika 3. Kikitembea chini ya maili 14 kwa saa, kila sekunde 10. Kikienda kasi zaidi, kila sekunde 6 au 2. Mawimbi haya hayapindi sana kufuata duara la dunia. Antena ya pwani huyapata kwa maili 20 hadi 40 za bahari, kisha basi. Katikati ya bahari kinachosikiliza ni setilaiti, na tovuti nyingi huifungia huduma hiyo nyuma ya malipo. Kwa hiyo mtumiaji wa bure huona yoti ikitoka Muscat, inakwenda maili 30, halafu "inapotea". Haikupotea. Imetoka nje ya masikio ya pwani.

Kipimo kizuri ni majirani. Tazama vyombo vingine vilivyokuwa eneo lilelile saa ileile. Vyote vikikatika pamoja, tatizo ni la upokeaji. Vingine vikiendelea kusikika na yoti peke yake ikanyamaza, basi imezimwa au imeharibika. Hata kuzima si kosa kila mara: miongozo ya Shirika la Kimataifa la Bahari humruhusu nahodha kuzima akiona usalama wa chombo uko hatarini, mradi aandike kwenye daftari la meli saa na sababu. Ndiyo maana daftari hilo huwa kitu cha kwanza kuombwa na wakaguzi.

Baada ya hapo chora duara. Yoti kubwa husafiri kwa maili 12 hadi 14 kwa saa, yaani maili 290 hadi 335 kwa siku. Zidisha kwa siku zilizopita, kisha angalia bandari zilizomo ndani ya duara zenye gati la kuibeba na mafuta ya kuiuzia. Chombo cha mita 140 hakiwezi kujificha kwenye kila kijito. Motor Yacht A ya Andrey Melnichenko ilinyamaza karibu na Maldives Machi 2022; ikaja kuonekana imefungwa gatini Ras al-Khaimah, kwenye Falme za Kiarabu, safari ambayo mwenye penseli na ramani angeiweka miongoni mwa tatu au nne zinazowezekana.

Hapo ndipo picha za setilaiti zinapokuja. Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya ni bure. Kila nukta ya picha ni mita 10, kwa hiyo yoti ya mita 140 itaonekana kama msitari wa nukta 14, mweupe, wenye ncha upande mmoja. Haitoshi kusoma jina, lakini inatosha kulinganisha: fungua picha ya gati lilelile kabla na baada, pima urefu, angalia kama kilichoongezeka kinalingana na urefu unaoutafuta. Upungufu wake ni miwili. Mawingu huziba, na setilaiti hizi kwa kawaida hupiga picha za bahari hadi takribani kilomita 20 tu kutoka pwani, kwa hiyo usiitafute yoti katikati ya Bahari ya Hindi ukasema haipo. Kwa usiku na mawingu tumia Sentinel-1, ambayo ni rada: chuma hung'aa juu ya maji meusi, ingawa meli ya mizigo na yoti za urefu mmoja zitafanana.

Halafu kuna data za uongo. Mwishoni mwa Februari 2022 wadukuzi waliingiza taarifa bandia kwenye tovuti ya kufuatilia meli zilizoonyesha Graceful imegonga Kisiwa cha Nyoka cha Ukraine, wakati yenyewe ilikuwa Kaliningrad. Tovuti hizo hupokea data kutoka kwa watu wa kujitolea, na anayetuma anaweza kutuma takataka. Upande mwingine, uvurugaji wa GPS unaweza kuihamisha meli halisi: Juni 2017 meli zilizokuwa karibu na Novorossiysk kwenye Bahari Nyeusi zilijiona ziko uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Alama za uongo ni njia iliyonyooka kama rula, duara kamili, mwendo usiobadilika hata kidogo kwa saa nyingi, au kuruka maili 60 ndani ya dakika 5.

Nataka kusikiliza mwenyewe badala ya kutegemea tovuti. Nahitaji nini?
*Msomaji, Kilifi*

Kifaa kidogo cha redio cha USB cha aina ya RTL-SDR, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, programu ya bure ya AIS-catcher, na antena. Antena unaweza kuitengeneza: fimbo mbili za shaba au alumini za sentimita 44 kila moja, moja ikielekea juu na nyingine chini, waya wa kati wa kebo ukiunganishwa na ya juu na wavu wa nje na ya chini. Isimame wima, ukiilaza unapoteza sehemu kubwa ya nguvu kwa sababu meli hutuma wima.

Makosa makubwa ni mawili. La kwanza ni kebo ndefu nyembamba. Kebo ya RG-58 hula karibu desibeli 2 kila mita 10 kwa masafa haya, kwa hiyo ni afadhali kuipandisha kompyuta juu karibu na antena kuliko kuteremsha kebo ya mita 30 hadi sebuleni. La pili ni kifaa cha bei ya chini kabisa ambacho masafa yake huteleza kikipata joto, na pwani yetu joto halikosi. Nunua chenye kidhibiti cha joto, TCXO, na kiweke kivulini.

Umbali utakaosikia unategemea urefu, si nguvu. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya meli, kisha zidisha kwa 4.12: jibu ni kilomita. Antena yako ikiwa mita 16 na ya yoti mita 25, ni 4.12 × (4 + 5), yaani kilomita 37. Ukipata kilima cha mita 100 unafika kama kilomita 62. Kabla ya kuifunga, waulize TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya kuhusu taratibu za vifaa vya kupokea.

Gazeti linasema yoti ni ya bwanyenye fulani. Mahakamani anatokea mtu mwingine kabisa anadai ni yake. Ukweli hupatikanaje?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Hili ndilo swali lenyewe, ndugu yetu, na jibu lake lina ngozi nyingi kama kitunguu.

Anza na hifadhidata ya Equasis. Ni bure, unajiandikisha tu. Weka namba ya IMO, utapata mmiliki aliyesajiliwa, meneja wa chombo, majina na bendera za zamani. Mmiliki atakuwa kampuni, mara nyingi kampuni iliyoundwa kumiliki chombo hicho kimoja tu. Kisha lipia nakala ya usajili kutoka kwa msajili wa bendera. Cayman na kisiwa cha Man huuza nakala hizo. Usiishie kusoma jina la kampuni. Tazama kama kuna rehani. Benki haikopeshi mamilioni bila kujua nani atalipa, na deni likivunjika karatasi hizo hufika mahakamani. Yoti Axioma ya mita 72 ilikamatwa Gibraltar Machi 2022 kwa sababu JP Morgan ilikuwa inadai zaidi ya euro milioni 20, na benki ikaeleza kwamba mdhamini wa mkopo ni bwanyenye Dmitry Pumpyansky. Karatasi moja ya benki ilisema kile ambacho safu ya kampuni za visiwani ilikuwa imekificha.

Ukifika kwenye kampuni utagonga ukuta. Visiwa vya Virgin vya Uingereza haviweki majina ya wanahisa hadharani. Umoja wa Ulaya ulikuwa umefungua daftari za wamiliki halisi kwa kila mtu, lakini tarehe 22 Novemba 2022 mahakama yake kuu mjini Luxembourg ikasema kuufungulia umma wote ni kuingilia faragha kupita kiasi, na nchi kadhaa zikazifunga mara moja. Kwetu sisi huo ulikuwa uamuzi mbaya: ulimlinda mwenye yoti kuliko ulivyomlinda mwenye duka. Kilichobaki ni hifadhidata ya nyaraka zilizovuja inayotunzwa na muungano wa waandishi wa uchunguzi wa ICIJ. Tafuta humo jina la kampuni, anwani na wakurugenzi, kwa tahajia zote za Kirusi zinazowezekana.

Ngozi ya tatu ni amana: mali anakabidhiwa mdhamini, wanufaika ni ndugu. Dilbar, mita 156, ilikuwa kwenye gati la matengenezo Hamburg vita vilipoanza, na dunia nzima iliita ya Alisher Usmanov. Polisi wa Ujerumani walipochimba, Aprili 2022 walisema kisheria ni ya dada yake, Gulbakhor Ismailova, kupitia makampuni ya nje. Ikazuiwa kwa sababu dada naye alikuwa kwenye orodha ya vikwazo. Machi 2025 Umoja wa Ulaya ulimwondoa dada huyo kwenye orodha. Unaona jinsi hatima ya meli nzima inavyoning'inia kwenye jina la mtu mmoja.

Elewa na hesabu ya asilimia. Marekani huichukulia kampuni kuwa imefungwa na vikwazo ikiwa walio kwenye orodha wana 50% au zaidi, na hisa zao hujumlishwa. Uingereza husema zaidi ya 50%, au udhibiti kwa njia nyingine. Kwa hiyo tafuta tarehe. Hisa zilizohama siku chache kabla au baada ya vikwazo, kwenda kwa mke, dada, mtoto wa kambo au meneja wa zamani, bila bei inayoeleweka, ni alama ya jina la kuazima.

Ngozi ya ndani kabisa si karatasi. Ni matumizi: nani analala kwenye chumba kikuu, nani anaamua rangi ya mazulia, nani analipa dizeli. Amadea, mita 106, ilikuwa kwa karatasi mali ya Eduard Khudainatov, aliyewahi kuongoza kampuni ya mafuta ya Rosneft. Jina lake lilikuwa pia kwenye karatasi za Scheherazade ya mita 140, na waendesha mashtaka wa Marekani wakauliza inakuwaje mtu mmoja awe na meli mbili za thamani hiyo. Wakaleta barua za mabaharia. Humo familia ya bwanyenye Suleiman Kerimov iliandikwa kwa alama: G-0 yeye, G-1 na kuendelea jamaa zake. Familia hiyo ndiyo iliyoagiza tanuri la piza na kitanda cha chumba cha masaji. Machi 2025 jaji wa New York akaamua kwamba Khudainatov ni mmiliki wa jina tu, hana haki ya kudai.

Scheherazade yenyewe ilifichuliwa na orodha ya mabaharia. Machi 2022 taasisi ya Alexei Navalny, mpinzani wa Putin, iliipata orodha hiyo, ikalinganisha majina na hifadhidata za Urusi zilizovuja, na ikawakuta watumishi wa FSO, idara inayomlinda rais, wakifanya kazi kwenye yoti iliyofungwa Marina di Carrara, Italia. Italia iliizuia tarehe 6 Mei 2022.

Na usidharau ankara ndogo. Tango ya Viktor Vekselberg, aliyewekewa vikwazo na Marekani tangu Aprili 2018, ilikamatwa Palma de Mallorca tarehe 4 Aprili 2022. Hati ya mashtaka iliyofuata ilieleza kwamba kampuni ya usimamizi iliiita "Fanta" katika karatasi za malipo ili mabenki yasitambue fedha ni za nani. Mwenye kutafuta aanze pale fedha zinapotoka kila mwezi: mafuta, mishahara, bima, gati. Yoti haikai wiki bila kulipiwa.

Kwa nini zisiuzwe tu, fedha zipelekwe Ukraine?
*Msomaji, Bujumbura*

Kwa sababu kuzuia si kutaifisha. Chini ya vikwazo vya Ulaya mali inabaki ya mwenyewe. Haruhusiwi kuiuza, kuikodisha wala kuiondoa. Ili serikali iichukue kabisa lazima ithibitishe kosa mahakamani, na mwenyewe ana mawakili wa kuivuta kesi miaka. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu ya mwisho kuhusu yoti Phi, iliyozuiwa London Machi 2022, mwezi Julai 2025, na hiyo ilihusu kuizuia tu.

Wakati huo chombo kinakula. Jenereta haziwezi kuzimwa kwa sababu bila kiyoyozi unyevu huotesha ukungu kwenye mbao na ngozi. Kombe hushika chini ya mwili wa meli, ikabidi ipandishwe chelezoni. Bila mabaharia wa kutosha bima hukataa. Serikali ya Marekani iliiambia mahakama kuwa Amadea ilikuwa inagharimu takribani dola 600,000 kwa mwezi, bima kando.

Baadhi ya zilizouzwa ziliuzwa kwa milango mingine. Axioma ilinadiwa Agosti 2022 kwa dola milioni 37.5 kwa ajili ya deni la benki. Alfa Nero ya mita 82, iliyotelekezwa Antigua, iliuzwa kwa sheria mpya ya kisiwa hicho baada ya kuhesabiwa kuwa hatari bandarini: mnunuzi wa kwanza, Eric Schmidt aliyewahi kuongoza Google, alishinda mnada wa 2023 kwa dola milioni 67.6 kisha akajitoa kwa sababu ya kesi, na 2024 ikaenda kwa dola milioni 40. Hiyo tofauti ya milioni 27.6 ndiyo bei ya mnunuzi kuogopa hatimiliki yenye mgogoro.

Yoti kama Nord ikitia nanga Mombasa au Zanzibar, je, serikali zetu zingelazimika kuikamata?
*Msomaji, Mombasa*

Hapana, si kwa vikwazo peke yake. Kenya na Tanzania hufungwa na vikwazo vya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na huko Urusi ina kura ya turufu. Vikwazo vya Washington, Brussels na London si sheria Mombasa. Jibu hilohilo lilitolewa na kiongozi wa Hong Kong, John Lee, Nord ilipokuwa imetia nanga kwao. Ilipotangaza inaelekea Cape Town, meya wa jiji hilo alitaka izuiwe, ikulu ya Afrika Kusini ikasema haina wajibu huo, na mwishowe yoti ikaishia Maldives. Suala si la mbali na sisi: mwanzoni mwa vita Nord ilikuwa Ushelisheli, na kutoka Mahé hadi Mombasa ni takribani maili 950, siku tatu za mwendo wa kawaida.

Lakini kuna mlango mwingine, na Fiji iliupitia. Amadea ilifika Lautoka tarehe 12 Aprili 2022 kutoka Manzanillo, Mexico, baada ya siku 18 baharini. Marekani haikuiomba Fiji itekeleze vikwazo. Ilipata hati ya kukamata kutoka mahakama yake kwa madai ya makosa ya jinai, ikaomba msaada wa kisheria, na mahakama ya Fiji ikaisajili hati hiyo kama yake. Yoti ikakamatwa tarehe 5 Mei, na rufaa ya mwisho ikatupwa tarehe 7 Juni. Sheria za namna hiyo ziko kwetu: Kenya ina ya 2011 ya kusaidiana kisheria, Tanzania ina ya 1991. Ombi likija na hati ya mahakama, waziri asingeweza kujibu tu kwamba vikwazo havituhusu.

Zaidi ya sheria kuna fedha. Wakala wa meli, muuza mafuta na mwenye gati wakilipwa kwa dola, malipo hupita benki za Marekani na huweza kukwama huko. Ragnar ya mita 68 ilikwama Narvik, Norway, Machi 2022 kwa sababu wauza mafuta waligoma kuiuzia, ingawa mwenyewe hakuwa kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Ulaya.

Na bendera zetu tunapaswa kuzichunga. Mwaka 2012 Tanzania ililazimika kufuta usajili wa meli 36 za mafuta za Iran zilizokuwa zimeingia kwenye daftari la Zanzibar kupitia wakala wa Dubai. Daftari linaloendeshwa na wakala wa mbali, asiyeuliza mmiliki halisi ni nani, ni mlango uliosahauliwa wazi.

Yoti ina uhusiano gani na siasa? Si starehe ya matajiri tu?
*Msomaji, Nairobi*

Yoti ni chumba cha mkutano kisicho na daftari la wageni. Haina mapokezi, haina kamera ya mtaani, na mgeni hupandia boti ndogo akiwa amevaa kaptura.

Mwaka 2008 iligundulika kwamba George Osborne, wakati huo msemaji wa fedha wa upinzani Uingereza, na Peter Mandelson, kamishna wa biashara wa Umoja wa Ulaya, walikuwa wamepanda kwa nyakati tofauti Queen K ya Oleg Deripaska huko Corfu. Wote walikana kufanya lolote baya. Hata hivyo kamishna wa biashara na mfalme wa alumini kwenye meli moja ni jambo ambalo umma ulipaswa kuambiwa mapema. Agosti 2016 Deripaska alikuwa na naibu waziri mkuu wa Urusi, Sergei Prikhodko, kwenye yoti karibu na Norway. Navalny alichapisha video yake Februari 2018, na mamlaka ya mawasiliano ya Urusi ikaamuru iondolewe.

Ushawishi wa siri hauishii baharini. Charles McGonigal aliongoza kitengo cha kupambana na ujasusi cha FBI mjini New York. Alipostaafu alimfanyia kazi Deripaska, aliyekuwa kwenye vikwazo tangu 2018, ya kumchunguza bwanyenye mpinzani wake, huku jina la mteja likifichwa. Desemba 2023 alihukumiwa miezi 50 jela. Marekani ina sheria ya tangu 1938 inayomtaka anayefanya kazi ya siasa kwa niaba ya wageni ajisajili. Wengi huikwepa kwa mbinu ileile ya yoti, kampuni ya katikati na jina la kuazima.

Tarehe 5 Februari 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikivunja kikosi cha KleptoCapture, kilichoundwa Machi 2022 kuwinda mali hizi, na siku hiyohiyo ikakivunja kikosi cha FBI cha ushawishi wa kigeni. Tunaona hilo ni pigo kubwa. Kesi zilizokwisha anza zinaendelea, lakini uchunguzi mpya sasa unawategemea Ulaya, waandishi na watu wenye antena juu ya paa.

Mdogo wangu ni baharia kwenye yoti huko Ghuba, na amesikia tajiri yake yuko kwenye orodha. Afanye nini?
*Msomaji, Lamu*

Kwanza aangalie orodha mwenyewe. Za Marekani, Umoja wa Ulaya na Uingereza hutafutwa bure kwenye intaneti. Atafute jina la tajiri, la kampuni iliyotia saini mkataba wake, na namba ya IMO, kwa sababu yoti zenyewe nazo huorodheshwa.

Pili, apige picha na kuhifadhi nje ya chombo mkataba wa kazi, kitabu cha ubaharia, hati za mishahara na orodha ya zamu. Yoti ikizuiwa anaweza kuteremshwa kwa saa chache.

Tatu, ajue yoti ni ya aina gani kisheria. Mkataba wa kazi za baharini wa 2006 huhesabu baharia ametelekezwa akikosa mshahara miezi miwili au zaidi, na bima yake hulipa hadi miezi minne pamoja na nauli ya kurudi nyumbani. Cheti cha bima hiyo hubandikwa mahali mabaharia wanapokiona. Lakini mkataba huo ni wa vyombo vya biashara. Yoti ya matumizi binafsi isiyokodishwa mara nyingi iko nje yake. Asipokiona cheti ukutani, aulize leo.

Nne, mishahara. Ikianza kuja kutoka kampuni asiyoijua, au akiombwa kupokea fedha za wenzake kwenye akaunti yake, akatae. Benki inaweza kuifunga akaunti nzima. Katika nchi nyingi deni la mshahara wa baharia hushika meli yenyewe na hulipwa kabla ya deni la benki, kwa hiyo asitie saini karatasi ya kusamehe madai ili tu apewe tiketi. Awasiliane na mkaguzi wa shirikisho la wafanyakazi wa uchukuzi, ITF, na ubalozi wa nchi yake, akiwa bado ndani ya chombo na pasipoti iko mkononi mwake.